Kati ya "Haijatubiwa" na "Haitubiwi"

Kwenye semina moja ya vijana, kijana aliyekaa mstari wa nyuma alisimama akauliza: "Mtumishi, mtu ameokoka. Asubuhi amesema uongo. Saa sita mchana amegongwa na lori, amekufa papo hapo, hajatubu. Anakwenda wapi?"

Wenzake walicheka, kisha wakanyamaza ghafla, maana kila mmoja alitaka jibu. Mchungaji aliyekaa kushoto kwangu akasema mtu huyo amepotea, kwa kuwa Ufunuo unasema hakitaingia humo kilicho kinyonge wala mwenye uongo. Mwalimu aliyekaa kulia kwangu akasema mtu huyo yuko kwa Bwana, kwa kuwa mtoto akikosea haachi kuwa mtoto. Saa nzima ikaishia hapo, huku aya zikirushwa huku na huku. Mimi nilisema maneno ya katikati yasiyomfaa mtu yeyote. Nimelibeba swali lile tangu siku hiyo, na leo nataka kusema kile nilichopaswa kusema pale.

Naona majibu yote mawili yalikuwa na kosa moja. Yote yaliichukulia dhambi kama deni kwenye daftari la muuza duka. Mmoja anasema ukurasa lazima uwe mweupe duka linapofungwa. Mwingine anasema daftari lilichomwa moto siku ile ulipopita mbele kuongozwa sala ya toba. Hakuna aliyeuliza habari za mtu mwenyewe: baada ya uongo wa asubuhi, alikuwa ameelekea wapi?

Lugha yetu inasaidia hapa. Tukisema mgeni *hajafika*, tunamaanisha bado anangojewa na chakula chake kimefunikwa. Dhambi ambayo *haijatubiwa* ni ya namna hiyo: imetendwa, moyo unasumbuka au bado haujaiona, lakini mlango wa kuitubia uko wazi. Hiyo ni hali ya kila Mkristo kila siku. Mtunga zaburi alilijua hilo alipouliza, "Ni nani awezaye kuyatambua makosa yake?" Mtu akidhani usiku huu ameorodhesha dhambi zake zote bila kuacha hata moja, hajaanza kujijua. Dhambi *isiyotubiwa* ni kitu kingine. Hiyo mwenyewe anaijua, ameonywa, ameisikia ikihubiriwa, akaamua kuijengea chumba ndani ya nyumba na kukaa na ufunguo mfukoni.

Barua ya kwanza ya Yohana inawachanganya wengi kwa sababu hatuzitofautishi dhambi za namna hizi mbili. Sura ya kwanza inasema, "Tukisema kwamba hatuna dhambi, twajidanganya wenyewe." Sura ya tatu inasema aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi. Mzee huyuhuyu, barua hiyohiyo. Hakusahau alichoandika. Anayezungumziwa kwanza ni mtu anayeungama, na kwake Mungu ni mwaminifu na wa haki. Anayezungumziwa baadaye ni mtu aliyeifanya dhambi kuwa makazi. Hata lile onyo linalotisha la Waebrania 10, la dhambi ambayo haibaki tena dhabihu kwa ajili yake, linataja dhambi ya *kusudi*, na ukisoma aya zinazofuata unamwona mtu aliyemkanyaga Mwana wa Mungu chini ya miguu. Simwoni humo mama anayelia usiku kwa sababu amemjibu mumewe vibaya. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu nimekutana na waumini wanaoogopa kulala wasije wakafa na neno moja walilolisahau. Watu hao onyo hilo limewapiga bure, na waliokusudiwa wamelala usingizi mzuri.

Wakristo waligombana juu ya jambo hili mapema sana. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru raia wa dola ya Rumi watoe sadaka kwa miungu na kupewa hati ya kuthibitisha. Wakristo wengi wakatoa, wengine wakahonga ili wapate hati bila kutoa. Mateso yalipopungua wakarudi makanisani. Je, wapokewe? Novatian, kasisi wa Roma, alisema hapana, Kanisa ni la watakatifu. Sipriani wa Karthago na Kornelio wa Roma wakasema wapokewe, ila kwa toba inayoonekana na inayochukua muda. Kanisa likawafuata hao wa pili, na Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, katika kanuni yake ya nane, ukawataka wafuasi wa Novatian wanaorejea waahidi kwa maandishi kwamba watashirikiana na walioanguka kisha wakatubu. Napenda kanuni hiyo: mtu msafi alitakiwa kutia ahadi kwamba atakaa meza moja na aliyekosa.

Baadaye Ukristo wa Magharibi uligawanyika, na swali la kijana wetu likapata majibu yanayopingana. Chukua mtu mmoja tu, Daudi, katika ile miezi baada ya kumchukua Bathsheba na kumuua Uria, mume wake. Martin Luther, katika Makala za Smalkald za mwaka 1537, ungamo la Walutheri, alisema wazi kwamba watakatifu wakianguka katika dhambi kama hiyo ya Daudi, imani na Roho vimeondoka. Mtaguso wa Trento wa Wakatoliki, mwaka 1547, ukasema imani yaweza kubaki lakini neema ya kuhesabiwa haki imepotea kwa dhambi ya mauti, na njia ya kurudi ni sakramenti ya Kitubio. Wafuasi wa Calvin, katika Sinodi ya Dort ya mwaka 1618 na 1619, wakamtaja Daudi huyohuyo wakasema Mungu hakumwondolea Roho kabisa. Hata hivyo walikiri kwamba watu wa namna hiyo humhuzunisha Roho, hujeruhi dhamiri, na huweza kupoteza hisia ya neema mpaka warudi kwa toba ya kweli.

Tumezoea kuzitazama tofauti hizo, nazo ni za kweli; sizidharau. Lakini tazama jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelisema. Hakuna aliyemwambia Daudi, katika ile miezi ya kimya, "Tulia, wewe ni wa Bwana, hakuna tatizo." Mlutheri, Mkatoliki na Mkalvini wote wanamngojea Nathani, nabii aliyetumwa kumkemea Daudi, abishe hodi. Na Waanglikana, katika makala ya 16 kati ya zile 39, waliweka pande zote mbili ndani ya aya moja: baada ya kupokea Roho Mtakatifu twaweza kuiacha neema na kuanguka, na kwa neema ya Mungu twaweza kusimama tena, wanaodai hawawezi kutenda dhambi tena wamekosa, na wanaowanyima watubuo msamaha nao wamekosa. Fundisho la kwamba mtu anaweza kuishika dhambi kwa mkono wa kulia na faraja ya wokovu kwa mkono wa kushoto, bila kusumbuliwa, halina baba katika ungamo lolote kati ya hayo. Sijui kwa nini linahubirika kirahisi hivi mijini kwetu.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kulitafuta jambo hili Ulaya tu. Mwaka 1929 huko Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza aitwaye Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Gahini, Rwanda, akiwa amechoka na kukata tamaa, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa serikali. Walisoma Maandiko na kuomba pamoja. Kutoka urafiki huo na kutoka Gahini ukaenea Uamsho, vuguvugu la toba na kuungama dhambi, uliofika Uganda yote, Kenya, Tanganyika, Burundi na kwingineko. Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, mwalimu wa Gahini, alikufa Januari 1936 akiwa amekwenda Kampala kuihimiza sinodi ya kanisa lake iamke. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono, William Nagenda akiwa mmoja wao, walifukuzwa kwa kung'ang'ania kuhubiri alfajiri na kutaja dhambi walizoziona ndani ya chuo.

Kumbuka hao walikuwa wakihubiri kwa nani. Si kwa wapagani. Walihubiri kwa Waanglikana waliobatizwa, waliopata kipaimara, wengine wakijiandaa kuwa makasisi. Uamsho ulikuwa, tangu mwanzo, mahubiri juu ya dhambi ya mtu ambaye tayari anaitwa Mkristo. Ndiyo maana lugha yake ilikuwa ya *kutembea nuruni* na *kuvunjika*. Ndugu wakikutana katika ushirika wao hawakusimulia siku ya kuokoka peke yake. Mtu alisimama akasema: juzi nilimsema ndugu yangu vibaya, nikaenda kwake, tumepatana. Mwingine alirudisha jembe la mwajiri, mwingine fedha za hospitali, mwingine kodi aliyoikwepa. Festo Kivengere, aliyefundisha Dodoma kabla ya kuwa askofu wa Kigezi, alisimulia jinsi baada ya kuokoka alivyopanda baiskeli kwenda mbali kumwomba radhi mmisionari Mzungu aliyekuwa amemchukia. Chuki hiyo haikuwa siri ya kashfa, na hakuna polisi aliyekuwa akiitafuta. Lakini hakuweza kumwimbia Mungu ikiwa imekaa ndani.

Hapo ndipo naona maana ya utii ambayo mabishano yetu ya semina huipoteza. Mtu yule kwenye baiskeli hakuwa anaununua wokovu. Msamaha alikwisha kuupata, na msamaha ndio uliomtia nguvu ya kukanyaga pedali. Paulo na Yakobo, ambao watu hupenda kuwapiganisha, wangekubaliana juu ya safari ile: Paulo angesema ni imani itendayo kazi kwa upendo, Yakobo angesema imani hiyo haijafa.

Na maneno yetu wenyewe yanashuhudia. Tunasema *nimeokoka*, kwa -me-. Ukisema "nimevaa kanzu", watu wanakutazama waione kanzu mwilini mwako sasa hivi. Ukisema "nimeketi", hujasimama. "Nimeokoka" ni neno la leo asubuhi. Ila wengi wetu tukilitamka tunamaanisha "niliokoka": mkutano wa uwanjani, mwaka fulani, mhubiri fulani, machozi mengi. Ni historia nzuri, lakini mtu aliyevaa kanzu mwaka ule anaweza leo kuwa uchi.

Uamsho nao ulikuwa na hatari zake, na walioupenda ndio wanapaswa kuzisema. Nuru ikigeuzwa kuwa sheria inachoma. Nchini Uganda kundi la Abazukufu, chini ya Yona Mondo, lilijitenga na ndugu wengine wa Uamsho kwa kukazia ukali, hata kukopa kukahesabiwa dhambi. Kuungama hadharani nako kunaweza kuwa onyesho, mtu akatafuta dhambi ya kusimulia. Lakini hatari kubwa naiona kwingine: ni dhambi zipi tunazichagua kuzileta nuruni.

Niliyaona haya nikiwa mtoto, katika usharika ambao sitautaja. Kulikuwa na benchi la mbele, upande wa kushoto, la wanaorudi kundini. Msichana wa kwaya alikaa pale na mtoto mgongoni, kichwa amekiinamisha, huku mchungaji akisoma jina lake na kosa lake. Kijana aliyempa mimba alikuwa kwenye safu ya besi, ameshika kitabu cha nyimbo. Kila mtu alijua. Miaka hiyohiyo mzee mmoja wa baraza alikuwa akilima shamba la mjane wa ndugu yake, alilolichukua baada ya msiba, na mjane yule alikaa benchi la tatu akimtazama akigawa vikapu vya sadaka. Mzee hakuwahi kukaa benchi la mbele hata Jumapili moja. Alizikwa kwa heshima zote za kanisa, na shamba likarithiwa na wanawe.

Silipingi benchi lenyewe. Paulo aliwakaripia Wakorintho kwa kujivuna huku mtu akiishi na mke wa baba yake, na katika barua ya pili akawasihi wamsamehe na kumfariji mkosaji asije akamezwa na huzuni ipitayo kiasi. Wengi wameona ni mtu huyohuyo. Kanisa lisilo na benchi la namna yoyote limeacha kumpenda mkosaji na limemwacha pia aliyekosewa. Kinachoniumiza ni kwamba benchi letu liliwakamata waliokwisha kutubu na kuwaacha wasiotubu. Dhambi ya msichana ilionekana kwa tumbo, na machozi yake yalikuwa ya kweli muda mrefu kabla ya Jumapili ile. Dhambi ya mzee ilikuwa ekari mbili za migomba, zinaonekana kutoka barabarani, na ilitendwa upya kila msimu alipochukua jembe.

Ndiyo hiyo dhambi isiyotubiwa. Haihitaji kuwa kubwa machoni pa mtaa. Inahitaji tu kuwa na kitu ambacho mtu hataki kukirudisha. Zakayo mtoza ushuru alijua: hakusema "Bwana nisamehe" akaishia hapo, alisema anamrudishia mtu mara nne. Daudi naye, Nathani alipomsimulia habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake, kabla hajajua kwamba kesi ni yake, alihukumu kwamba mwana-kondoo arudishwe mara nne. Mahali ambapo kuna kitu cha kurudishwa na hakirudishwi, sala ya toba inayosemwa kila Jumapili inakuwa njia ya kuituliza dhamiri ili kesho iamke na nguvu ya kulima shamba lilelile.

Naandika hivi nikiifikiria Rwanda, na naogopa kuigusa kwa wepesi. Mwaka 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, karibu watu 9 kati ya 10 nchini humo walikuwa Wakristo. Nyamata, Ntarama na Nyarubuye, mahali ambapo watu walikimbilia makanisani wakauawa humo ndani, viko katika Mkoa wa Mashariki, mkoa uleule wa Gahini. Miongoni mwa wauaji walikuwamo waliobatizwa, walioimba, waliotoa ushuhuda. Walikuwapo pia Wakristo waliokataa kutengana na ndugu zao wa kabila jingine wakafa pamoja nao, na ni haki kuwakumbuka. Lakini swali linabaki wazi kama kidonda: katika miaka yote ile ya kuungama pombe, uzinzi na wizi, ni mara ngapi chuki ya kabila ililetwa nuruni kama dhambi, ikapewa jina, ikaachwa? Kulikuwa na chumba ambacho hakikufunguliwa, si moyoni mwa mtu mmoja bali katika makanisa kwa jumla, na viongozi wengi wa dini walikuwa karibu mno na watawala kuweza kubisha hodi kama Nathani. Novemba 2016 maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba msamaha kwa ajili ya Wakristo walioshiriki, na Machi 2017 Papa Fransisko akamwomba Mungu msamaha kwa dhambi za Kanisa na wana wake. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya 20.

Gacaca, mahakama za kijamii zilizowahukumu washiriki wa mauaji hayo na kufungwa mwaka 2012 baada ya kusikiliza karibu kesi milioni 2, ziliwapunguzia adhabu waliokiri. Hekima ya serikali katika hilo naielewa, maana familia zilitaka kujua miili ilitupwa wapi. Ila iliwaacha Wanyarwanda na kazi ngumu ya kutambua nani amekiri kwa sababu ya miaka ya kifungo na nani amevunjika. Walionusurika wanasema wanajua tofauti. Aliyevunjika anarudi baada ya kesi kwisha, anasaidia kujenga nyumba ya mjane, anaonyesha shimo ambalo hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo nikirudishwa kwenye semina ile sitaanza na lori. Nitamwambia kijana kwamba Mungu hamvizii mtu njiani ili amkamate kati ya kosa na toba. Baba anayemwona mwana akiwa bado yuko mbali akakimbia kumlaki hana sababu ya kumvizia. Mtu ambaye moyo wake umeelekea nyumbani, lori likimkuta njiani, limemkuta njiani kwenda nyumbani. Kisha nitamuuliza habari za ule uongo wenyewe. Ulisemwa saa moja asubuhi. Aliambiwa nani? Mama yake, mwenye nyumba, mwalimu, mchumba? Kuna mtu sasa hivi anauamini, labda ametoa fedha au ametoa machozi kwa sababu yake. Saa sita bado. Na simu iko mfukoni.